Msimwonee Anayeanza

Miongoni mwa maneno yanayonikera katika uvuvi wa fimbo na mshipi, hakuna linalonikera kama hili: "Anayeanza mpe rili hafifu, akiiharibu, hasara ni ndogo." Nimelisikia Texas kwa wauza vifaa na kwa wavuvi wazoefu, na siku zote husemwa kana kwamba ni hekima. Kwa maoni yangu ni uonevu.

Kwanza tuelewane. Rili ninayoizungumzia ni ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo bobini yake huzunguka yenyewe mvuvi anaporusha chambo. Wamarekani huipenda kwa kumvulia besi, samaki yule wa mdomo mkubwa aliyeletwa hadi Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Shida yake ni moja. Chambo kikiwa hewani hupunguza mwendo, lakini bobini huendelea kuzunguka kwa kasi. Mshipi hufumka, ukajisokota, ukawa kitu ambacho wenyewe hukiita kiota cha ndege. Kukifumua kwaweza kula nusu saa.

Basi kinachomwokoa anayeanza ni breki. Rili za kisasa huwa na breki za sumaku, au za vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko. Breki nzuri hurekebishika hatua kwa hatua, nayo hubaki pale ulipoiweka. Katika rili za bei ya chini kabisa, mara nyingi kitufe kipo lakini kazi hakina. Mwanafunzi hufumua viota asubuhi nzima, kisha huambiwa kwamba mkono wake ni mzito. Naye huamini, akaitupa fimbo uvunguni asiishike tena. Kosa ni la chombo, lawama kabebeshwa mtu.

Wazee watanijibu kwamba breki ya kweli ni kidole gumba. Sikatai. George Snyder, fundi saa wa Paris, Kentucky, aliyetengeneza rili za namna hii mwanzoni mwa karne ya 19, hakuwa na breki za sumaku. Gumba ndilo lililofanya kazi. Lakini gumba hujifunza kwa kurusha, halijifunzi kwa kufumua mafundo.

Wauzaji nao wana wimbo wao: idadi ya beringi, na gia za 8 kwa 1, yaani ukizungusha mkono wa rili mara moja, bobini huzunguka mara nane. Beringi kumi hafifu hazishindi nne nzuri, na gia ya 6 kwa 1 na ushei yamtosha anayeanza. Haraka hiyo ya nini, naye hata kurusha hajajua?

Ndugu msomaji, ukienda dukani, izungushe bobini kwa kidole, breki ikiwa chini kisha ikiwa juu. Usipoona tofauti, irudishe. Nunua ya bei ya kati, hata kama itakubidi kungoja mwezi mmoja zaidi. Tia mshipi wa nailoni wa ratili 14, funga chambo cha nusu wakia, kaza bobini hadi chambo kishuke polepole, na breki uiweke juu. Uipunguze kidogo kidogo kadiri gumba linavyozoea. Rahisi huvunja upishi, na anayekushauri uanze na rahisi hatakuwapo siku utakapokuwa ukingoni mwa ziwa, mshipi umejaa mapajani, na besi wanaruka mbele yako.