Nukta moja tu kwenye CMake

Mnauliza kwa nini nimeitupa Autotools nikabaki na CMake. Huku Umoja na Kayole wengi wanaotumia kodi yangu wana laptopu kuukuu za Windows, mimi niko Linux, na mifumo miwili ya kujengea programu siiwezi. Nani huisoma ile configure ya maelfu ya mistari?

Machi 2024 xz, programu ya kubana faili, ilikutwa na mlango wa siri. Ulipitishwa kwenye faili la m4 lililokuwa ndani ya kifurushi cha kupakua tu, Git haikuwa nalo. Andres Freund aliugundua kwa kuwa SSH ilichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, jamani!

Lakini CMake si malaika. Kwenye xz hiyo hiyo, nukta moja iliyopachikwa ilizima ulinzi wa Landlock. Kwa hivyo kiraka kinachogusa faili za ujenzi nitakisoma chote kwanza, hata ikichukua wiki. Mniwie radhi.