Kombe la Wilaya Lianzie Jikoni

Matokeo ya mitihani yakishatoka, halmashauri nyingi nchini huandaa siku ya pongezi. Turubai hufungwa, viti hupangwa, mgeni rasmi hufika na msafara wake, na walimu wakuu huitwa mmoja mmoja kupokea vyeti, makombe na bahasha. Wanafunzi waliofanya vizuri hupewa mabegi na madaftari. Mimi ni muumini wa siku hizi. Mtoto wa mkulima wa ufuta akiitwa kwa jina lake kwenye kipaza sauti, mbele ya mkuu wa wilaya, hatalisahau tukio hilo mpaka uzeeni, na mama yake aliyeketi nyuma na kanga mpya hatalisahau pia. Watoto wetu husifiwa kwa nadra mno. Mara nyingi zaidi huitwa mbele ili wachapwe.

Ninachouliza ni kinachotangulia kombe. Maofisa wetu wa elimu hutaja kwa pumzi moja taaluma, nidhamu na lishe, kana kwamba ni ndugu watatu wanaotembea bega kwa bega. Kwa kweli mmoja, lishe, huwabeba wenzake wawili. Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, ndipo mahali pa kulipima jambo hili, kwa sababu hazikosi ardhi wala mazao. Korosho, ufuta na mbaazi zao hupita mnadani kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, jina lililounganishwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ikiwa wilaya za namna hii zitashindwa kumlisha mwanafunzi uji wa saa nne, sababu haitakuwa ukame.

Tuanze na tunachokijua kuhusu kushindanisha shule. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Serikali ilianza kuzipanga shule kwa nafasi, kitaifa na ndani ya kila wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua matokeo ya shule za msingi za nchi nzima kuanzia 2011 hadi 2016, wakakuta mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. Lakini pia zilipunguza idadi ya watoto waliofika darasa la saba. Yule aliyeonekana atawaangusha wenzake aliondolewa njiani kabla ya mtihani. Hapo tatizo la kombe linaonekana wazi: mtoto aliyebaki nyumbani hahesabiwi kwenye wastani. Mwalimu mkuu aliyewapoteza watoto kumi dhaifu anaweza kupanda jukwaani akiwa na furaha kuliko mwenzake aliyewang'ang'ania wote hadi mwisho.

Januari 2023 Baraza la Mitihani nalo lilibadili mwenendo. Athumani Amasi, aliyekuwa akiliongoza wakati huo, akitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, alieleza kwamba Baraza limeacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa bora, kwa kuwa watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayofanana. Nauunga mkono uamuzi ule, lakini nusu tu. Ni kweli kwamba Baraza haliwezi kujua ni shule ipi ya Ruangwa ambayo wasichana wake huchota maji kwanza ndipo waingie darasani. Wilaya inajua. Ofisa elimu kata anaijua kila shule, kila kisima, kila mwalimu aliyehama. Kwa hiyo pale Baraza lilipokuwa na sababu ya kunyamaza, wilaya ina sababu ya kusema, mradi iseme kwa kipimo chake: shule ishindanishwe na yenyewe ya miaka mitatu nyuma, na hesabu ianze na watoto wote walioandikishwa, siyo waliosalia.

Lakini hata kipimo kizuri hakitoshi. Kati ya 2013 na 2014 asasi ya Twaweza ilijaribu mpango wake wa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya Sh10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi jingine liliahidiwa bonasi ya mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma au kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Kundi la tatu ndilo lililopiga hatua, tena kubwa kuliko ukijumlisha za wale wengine wawili. Nikiusoma utafiti ule nikiwa na Nachingwea akilini, naelewa hivi: zawadi huamsha hamu, na hamu inataka kitu cha kushika. Kwa mtoto wa darasa la tatu aliyetembea kilomita nne bila kula, kitu cha kwanza cha kushika ni kikombe cha uji.

Watu wa Ruangwa hawahitaji kufundishwa hili. Timu yao, Namungo, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna shabiki hata mmoja aliyewahi kudai wachezaji waingie uwanjani na njaa, halafu wale wakishinda.

Na udongo wa Nachingwea una historia yake na chakula cha watoto wa watu wengine. Mwaka 1946 Uingereza iliamua kwamba kila mwanafunzi wake apate theluthi moja ya painti ya maziwa kila siku ya shule, bila malipo. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ileile iliidhinisha Mpango wa Karanga, ili mashamba makubwa ya Tanganyika, Nachingwea yakiwemo, yaipatie Uingereza mafuta ya kula yaliyokuwa yakigawiwa kwa vocha baada ya vita. Misitu ikafyekwa, reli ikajengwa, mamilioni ya pauni yakateketea, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ikang'olewa. Simulizi hii kwa kawaida huelezwa kama kisa cha wataalamu waliopuuza mvua na udongo. Kwangu ina upande mwingine: nchi iliyotoka vitani ikiwa na madeni hadi shingoni ilimweka mwanafunzi mbele kwenye foleni ya chakula. Haikusubiri itajirike kwanza.

Sisi tulikwama wapi? Ada na michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, wazazi wengi walilisikia neno "bure" wakalipeleka hadi jikoni. Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni uliokuja baadaye ulirudisha sehemu kubwa ya wajibu kwa wazazi na jamii kupitia kamati za shule. Kimsingi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwa watoto ambao wazazi wao hawakuchangia. Katika shule nyingi nchini, kengele ya saa nne ikilia, darasa hugawanyika: wenye majina kwenye daftari la michango wanakwenda na vikombe vyao, wengine wanabaki chini ya mwembe wakijifanya wanacheza. Kwingine chakula hupikwa kwa madarasa ya mitihani pekee. Maana yake tunawalisha watakaotuletea kombe, huku mtoto wa darasa la pili, ambaye ubongo na mifupa yake ndiyo kwanza inajengwa, akiambiwa zamu yake bado. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa 2022 uliwakuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, huo ni mpangilio wa kichwa chini miguu juu.

Basi tupige hesabu. Tumpe kila mwanafunzi gramu 100 za mahindi na gramu 30 za mbaazi kwa siku, kwa siku 194 za masomo. Ni kilo 19.4 za mahindi, yaani debe moja na ushehe, na karibu kilo 6 za mbaazi kwa mwaka mzima. Kilo ya mahindi ikiwa Sh800 na ya mbaazi Sh1,500, mtoto mmoja anagharimu takriban Sh24,250 kwa mwaka, Sh125 kwa siku. Kuni, chumvi, maji na ujira wa mpishi ni juu ya hapo. Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh10,000 kwa mwaka, na haikuwekwa kwa ajili ya chakula. Wazazi wengi wa vijijini wanaweza kutoa debe hilo, ikiwa wataombwa Juni au Julai vihenge vikiwa vimejaa. Tatizo ni kwamba shule hudai mchango Januari zinapofunguliwa, wakati mkulima anasubiri mahindi machanga na fedha za korosho zimekwisha kwenye sare na madeni. Huyo mzazi hajakataa. Ameombwa katika mwezi usio wake.

Sasa tuseme katika shule ya watoto 500, mmoja kati ya kila watano hana kabisa wa kumchangia: analelewa na bibi, au baba amekwenda kuhangaika mbali na hatumi kitu. Hao ni watoto 100, na chakula chao ni takriban Sh2.4 milioni kwa mwaka. Halmashauri hutoza ushuru wa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kilo ya ufuta ikiuzwa Sh3,000, Sh90 huingia halmashauri. Ikitengwa Sh10 kati ya hizo Sh90, kila tani 1,000 zinazopita mnadani zitaleta Sh10 milioni, nazo zitawalisha watoto wasio na wa kuwachangia katika shule nne. Sipendekezi makato mapya kwa mkulima. Wakulima wa kusini wamechoshwa na makato, na wana haki ya kuchoka. Nazungumzia fedha ambazo tayari zimekatwa.

Mbaazi nimeitaja kwa makusudi. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku kusini ikaporomoka kiasi kwamba wapo walioacha mazao shambani. Zao hili, ambalo kila gramu 100 zake kavu zina takriban gramu 20 za protini, lilikosa mnunuzi wakati watoto wa waliolilima wanakunywa uji mtupu. Brazil ilitunga sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zinunue mazao ya wakulima wadogo. Shule za Nachingwea zikinunua mbaazi za Nachingwea hazitachukua nafasi ya India, lakini mkulima atakuwa na mnunuzi mmoja asiyetegemea uamuzi wa New Delhi.

Najua hoja ya upande wa pili, na siidharau. Wapo wanaosema halmashauri ikiwalisha wasiochangia, wanaochangia nao wataacha. Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana mchango lazima upokelewe kwa mizani, uandikwe, na usomwe kwenye mkutano wa kijiji. Kumkagua mzazi ni haki. Kumnyima mtoto uji ili baba yake aone aibu ni kutoa adhabu kwa asiye na kosa, na mtoto huyo anajifunza somo ambalo hakuna kipindi cha maadili kitakachomfutia.

Hapo ndipo nidhamu, yaani tabia njema, inapoingia, nami nina tahadhari nayo. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni chini ya neno hilo. Ni Novemba 2021 tu ndipo waraka wa elimu ulipowafungulia wasichana hao mlango wa kurudi. Kwa hiyo wilaya ikisema itatoa tuzo ya tabia, nauliza mapema: je, binti aliyejifungua, akarudi darasani na kuvumilia macho ya wenzake, anaweza kuipata? Ikiwa jibu ni hapana, tuzo hiyo ni cheti cha ukimya. Ningependa tuzo ya tabia iende kwa matendo yanayoonekana, kama wanafunzi waliogawana kikombe, au kiranja aliyemfuata rafiki yake hadi kwenye mikorosho, msimu wa kuokota, akamrudisha shule.

Na kombe kubwa la wilaya, lile linalopigiwa ngoma, liende kwa shule ambayo wanafunzi wake wote walikula siku nyingi zaidi katika mwaka. Kulipima ni rahisi: daftari la mahudhurio liongezwe safu moja ya "amekula", ijazwe kila siku, na ofisa elimu kata afike bila taarifa. Ufaulu utapimwa na kupongezwa palepale, baada ya hilo.

Madiwani hujadili na kupitisha bajeti kati ya Januari na Machi, miezi ileile ambayo vihenge vya Nachingwea na Ruangwa hubaki na vumbi. Siku ya kikao, kabla ya kuingia ukumbini, wapite shule moja iliyo njiani, saa nne asubuhi, wahesabu vikombe na wahesabu watoto walio chini ya mwembe.