Kazi za Mikono: Zulia la Motokaa Kuukuu



Mwezi huu twapenda kusema juu ya kazi imfaayo baba pamoja na vijana wake, au mwalimu pamoja na wanafunzi wake: kubadili zulia la motokaa kuukuu, na tandiko lililo chini yake, na vitu vipunguzavyo kelele. Mfano wetu ni Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo kama wa kobe. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki miaka ya 1954, 1957 na 1962. Kiwanda cha Mexico kiliunda ya mwisho mwaka 2003, lakini hata leo wako watu wanaozifufua.

Kwanza, sikilizeni kabla ya kunyamazisha. Si kila kelele ni adui. Mvumo uzidio kadiri ya mwendo huenda ni beringi ya gurudumu inayokwisha. Mngurumo mpya huenda ni bomba la moshi lililotoboka, na ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na harufu, iwezayo kuwaua waliomo garini. Mtu akifunika kelele kama hizo kwa tandiko nene, amemziba mdomo mjumbe aliyeleta habari ya hatari. Basi, kilicho kibovu kitengenezwe kwanza.

Pili, funueni mpaka chini. Fungueni waya za betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma, kisha toeni viti na zulia. Tandiko la zamani lilifanywa kwa nyuzi, nalo hunywa maji kama sifongo. Mvua ipitayo katika mpira wa kioo au wa mlango hukaa humo majuma mengi, na bati huliwa na kutu gizani. Chini yake mna vipande vya lami. Navyo vikipasuka huficha maji. Viondoeni asubuhi kungali baridi, maana lami ya baridi huvunjika, bali ya moto hunata. Msivisage kwa mashine, kwa kuwa vitu vingine vya zamani vilitiwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Kisha chomeni sakafu kwa bisibisi, hasa mahali pa betri, ambapo asidi na maji huanza kula. Ikipenya, dawa si tandiko. Ni fundi wa kuchomelea bati jipya. Kiti cha mbele hushikwa na sakafu hiyo, na siku ya kugongana, uhai wa aketiye humo hutegemea bati ambalo hakuliona kamwe.

Tatu, ndipo mtandike. Kwangueni kutu, pakeni rangi ya kuizuia, ngojeni ikauke. Bandikeni vipande vya mpira wa butili vyenye karatasi ya alumini juu, mkivikandamiza sana. Kazi yake ni kutuliza mtetemo wa bati, kama kiganja kiwekwapo juu ya kengele inayolia; kwa hiyo si lazima kufunika pote, yatosha kama robo ya kila bati, katikati yake. Lami ya kuezekea nyumba ni rahisi kwa bei, lakini jua likiwaka hulegea na kunuka. Msizibe matundu ya kutokea maji wala mahali pa bolti. Juu yake wekeni sponji isiyonywa maji, kisha zulia. Kwa kuwa injini iko nyuma, tandiko lililo nene zaidi liwe nyuma ya kiti cha nyuma. Tena betri ifunikwe vema, maana chuma cha kiti kikigusa vichwa vyake, moto huwaka.

Bwana wetu aliwakemea waliosafisha kikombe kwa nje tu. Nasi twaona nyumba nyingi zilizotandika zulia jipya juu ya ugomvi wa zamani. Hakuna makelele, lakini chini kutu yaendelea kula. Heri watu wa nyumba wafunuliane makosa, wasafishe, wasameheane, ndipo watandike. Utulivu wa namna hiyo hauogopi mvua.

Mungu awabariki nyote katika kazi za mikono yenu.