Mtunzi Aandikwe Jina

KUSI
Safu ya kila wiki ya Mwanamisi Bakari

Muziki wa kwanza kutoka kwenye gemu ya kompyuta kushinda tuzo ya Grammy una maneno ya Kiswahili. Unaitwa Baba Yetu. Mtunzi wake ni Mmarekani, Christopher Tin, aliyezaliwa California mwaka 1976 na wazazi waliohamia huko kutoka Hong Kong. Wako vijana hapa Ukunda walioukariri wimbo huo kwa kuicheza gemu yenyewe, Civilization IV, na ukiwauliza ni wa nani watakwambia ni wa Afrika Kusini, au ni wa kanisani tu. Mtu huyu anastahili kujulikana kwetu, kwa sababu lugha aliyoichukua ni yetu na namna alivyoichukua ina jambo ambalo sisi wa Kwale tunalihitaji sana.

Tin alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, akashika fasihi ya Kiingereza na utunzi wa muziki kwa pamoja, kisha akavuka bahari hadi Royal College of Music, London. Aliporudi kwao akawa anatunga muziki wa matangazo na filamu. Mlango ulifunguliwa na Soren Johnson, aliyewahi kukaa naye chumba kimoja chuoni, ambaye sasa alikuwa mbunifu wa gemu na alitaka wimbo wa kufungulia Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005. Tin akaenda kwa Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Stanford kinachoimba bila ala. Maneno akayachukua kwenye Sala ya Bwana, na aliyeyapanga kwa Kiswahili yakae juu ya muziki ni Mkenya, Chris Kiagiri.

Mimi ni Mwislamu na sala ile si ya ibada yangu, lakini wimbo wenyewe unanigusa kila nikiusikia. Sauti moja inatangulia, kwaya inaitika, ngoma zinaingia, kisha okestra nzima inainuka chini yao bila kuwafunika waimbaji. Maneno yamerudiwarudiwa na kupindwa kidogo ili yafuate mdundo, na msahihishaji wa insha angepitisha kalamu nyekundu. Mwacheni. Kila kiongozi wa ngoma kutoka Tiwi hadi Vanga hufanya hivyo hivyo, kwani anayecheza hangoji sarufi.

Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir ukawa wimbo wa kwanza wa albamu yake Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 kwa lugha 12, Kiswahili kikitangulia na nyingine zikifuata: Kijapani, Kiajemi, Kisanskriti, Kimaori na kadhalika. Wimbo wa mwisho umetungwa uishie pale wa kwanza unapoanzia, ili albamu izunguke kama usiku na mchana. Mwaka 2011 zikaja Grammy mbili, moja ya Baba Yetu na moja ya albamu. Chemchemi kubwa ya Dubai hurusha maji yake kwa wimbo huo, na watoto wetu wa pwani walioenda Ghuba kutafuta riziki wamesimama pale wakasikia lugha ya nyumbani ikitoka kwenye vipaza sauti. Tangu hapo Tin ametunga The Lost Birds, kazi ya mwaka 2022 ya kuwalilia ndege waliotoweka duniani, na mwaka 2024 Washington National Opera ikaonyesha Turandot ikiwa na mwisho mpya alioutunga yeye. Puccini alikufa mwaka 1924 kabla ya kuimaliza opera hiyo, na kukabidhiwa kazi ya marehemu wa namna ile ni heshima kubwa kwa mtunzi yeyote.

Ila kinachonishughulisha mimi zaidi ya tuzo ni karatasi. Kwenye nota za Baba Yetu, jina la Tin lipo kama mtunzi na jina la Kiagiri lipo kama mpangaji wa maneno. Kwaya yoyote inayotaka kuuimba, iwe ya Ulaya au ya Asia, inanunua nota hizo na kuyasoma majina hayo kabla ya kufungua mdomo. Hakuna anayesema ni wimbo wa zamani, ni wa wote, ingawa sala yenyewe ni ya zamani na ni ya mamilioni ya watu. Kazi ya kuipa sauti mpya ina mwenyewe.

Sasa tazama kwetu. Ngoma ya sengenya ya Wadigo si kelele za kuchangamsha wageni. Ni ngoma kadhaa zenye sauti zinazopishana, kila moja na zamu yake, na zumari likipita juu yake, na mpigaji anayekosea zamu anajulikana papo hapo. Kuna chivoti, filimbi ya kulaza mdomoni, ambayo fundi wake huweza kukuliza bila neno hata moja. Kuna kayamba na watungaji wa nyimbo zake, wengi wao wakiwa hai hadi leo Msambweni, Kinango na Matuga, wanaotunga harusi ikikaribia au mtu akifiwa. Ukiuliza wimbo ni wa nani, utajibiwa kwamba ni wa wazee. Mzee gani?

Mwalimu wa shule huja kwa mzee wa namna hiyo msimu wa tamasha la muziki ukikaribia. Hukaa naye jioni kadhaa, anarekodi kwa simu, anaandika nota, anawafundisha watoto. Watoto wanapanda jukwaani, wanashinda, wanasafiri hadi mashindano ya taifa. Kwenye karatasi ya majaji limo jina la mwalimu aliyeupanga. Mzee amepewa nauli ya bodaboda. Siwalaumu walimu, maana wengi wao ndio waliobaki wakiushika muziki huu. Lakini jina la mzee lingechukua mstari mmoja tu.

Wimbo wa taifa letu wenyewe unajua habari hii. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliutengeneza kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto, na Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River ndiye anayetajwa kuutoa. Ni watoto wangapi wanaosimama gwaride kila Jumatatu wanalijua jina hilo? Na katika hoteli za Diani, Jambo Bwana huimbwa usiku baada ya usiku kana kwamba ilichipuka yenyewe mchangani, wakati ina mtunzi, Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms.

Sheria tunayo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge lihakikishe jamii zinapata fidia au mirabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaziagiza serikali za kaunti kufungua na kutunza rejista ya mambo haya. Naiomba ofisi ya utamaduni ya Kwale iipeleke rejista hiyo vijijini badala ya kuingoja jamii ije mjini: iende Gazi, iende Lunga Lunga, na kijana wa kurekodi na mtu wa kuandika. Yako mambo ya msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, na ngoma za tiba, ambayo wazee hawatataka yaandikwe wala kupigwa picha. Hayo yaachwe, na wazee ndio waseme mpaka uko wapi.

Na mashindano ya shule yakirudi, kila karatasi ya wimbo wa asili iwe na mistari miwili: jina la aliyeupanga na jina la aliyemfundisha. Shule ikipata zawadi, mzee apate fungu lake siku ile ile, mkononi, mbele ya watoto walioimba wimbo wake.