Merikebu Iliyolala Chini ya Tanganika

Tusikiapo habari za manowari za Wadachi zilizopotea, mara twafikiri bahari kuu za mbali na zile merikebu zipitazo chini ya maji. Lakini iko moja iliyozama katika ziwa letu hili hili, ambalo wavuvi wa Makobola hupata riziki yao. Jina lake Hedwig von Wissmann.

Haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilishushwa majini mwaka 1900, ikapewa jina la mke wa Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Wadachi katika Afrika ya Mashariki. Ilikuwa meli ndogo ya mvuke, urefu wake mita 20 hivi. Vita vilipotokea mwezi Agosti 1914 ikafungwa mizinga. Chombo cha safari kikageuzwa kuwa chombo cha mauti.

Tarehe 22 Agosti 1914 iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wa Lukuga, ndiko Kalemie ya leo, ikaiharibu. Tangu hapo pwani yote ya Kongo, toka Uvira hata Moba, ikawa wazi mbele ya mizinga ya Wadachi.

Ubwana huo haukudumu. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilivuka bahari mpaka Cape Town, zikapakiwa katika gari moshi hata Katanga, kisha zikakokotwa milimani kwa mashini za mvuke na ng'ombe. Ni nani waliofyeka njia na kujenga madaraja? Ni Waafrika. Nao akina mama walibeba maji vichwani, mashini zisikaukiwe.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Noeli, mashua hizo ziliikamata Kingani, meli nyingine ya Wadachi, nayo ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikaja kuitafuta mwenzake iliyopotea. Ikakutana nayo kweli, lakini sasa ilikuwa mikononi mwa adui. Fifi na Mimi zikaifukuza; mzinga ukapiga chumba cha mashini, moto ukawaka, meli ikazama. Kazi yake ya vita haikutimiza hata miaka miwili.

Sasa tutafakari. Vitabu vimehifadhi jina la meli, jina la nahodha wake Odebrecht, hata majina ya zile mashua ndogo. Lakini Waafrika waliochochea moto wa meli ile na kufa pamoja na Wadachi, ni nani awatajaye? Ugomvi haukuwa wao. Kifo kilikuwa chao.

Watu wa Makobola hawana haja ya kufundishwa neno hili. Tangu 30 Desemba 1998 hata 2 Januari 1999 mamia ya watu waliuawa huko, wakubwa kwa wadogo. Aliyekufa hivyo na kusahauliwa ni kama aliyezikwa mara mbili.

Basi, wazazi, twawaomba neno moja. Kaeni na watoto wenu jioni, mwatajie marehemu wa ukoo wenu mmoja mmoja. Nanyi wanafunzi, mliojaliwa kujua kuandika, yaandikeni majina hayo katika daftari safi: jina la ubatizo, jina la nyumbani, na mahali alipozikwa. Ufikapo mwezi wa Novemba, yapelekeni kwa padri yakumbukwe katika Misa. Kazi hiyo haihitaji fedha, wala hakuna awezaye kuwafanyia.

Na wale wa chini ya ziwa, ambao majina yao hatukuachiwa, tuwaombee vilevile. Mungu aliyewaumba anawajua kwa majina yao. Raha ya milele uwape, ee Bwana.