Mkia wa Mbwa Una Kazi Yake

Kila mara mbwa wale wadogo wa kizungu wazaapo, kama vile terrier na spaniel, swali la kwanza la wafugaji wengi huwa ni hili: mkia ukatwe siku ya ngapi, na ukatwe kwa kitu gani? Wengine hutumia mkasi, wengine wembe, na wengine huufunga kwa mpira mpaka ukauke na kuanguka. Maoni yetu ni kwamba kabla ya kuuliza hivyo, yafaa mfugaji ajiulize jambo jingine: mkia huu ukikatwa, ni nani atakayepata faida?

Mfugaji wa kondoo wa sufi, huko Molo au Nyandarua, anaweza kulijibu swali hilo. Mwana-kondoo wake hutiwa pete ya mpira katika juma la kwanza, kwa sababu kinyesi hugandamana kwenye sufi ya mkia, nzi hutaga mayai hapo, na funza humla mnyama angali hai. Hata hivyo mfugaji mwenye akili huacha kipande cha kutosha kuufunika uke wa kondoo jike. Basi hapo sababu ipo, na kipimo kipo.

Je, mbwa naye ana sababu gani? Ya kale kuliko zote iliandikwa na Columella, Mrumi aliyetunga vitabu vya kilimo katika karne ya kwanza. Alisema kwamba mtoto wa mbwa atimizapo siku 40, ncha ya mkia wake ing'atwe na kuondolewa, maana wachungaji waliamini kuwa hilo huzuia kichaa cha mbwa. Leo twajua kwamba kichaa huletwa na virusi vilivyo katika mate ya mnyama mgonjwa, wala mkia hauhusiki hata kidogo.

Sababu ya pili tuisikiayo ni kwamba mbwa asiye na mkia huwa mkali. Hilo nalo si kweli. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni vivyo hivyo. Ukali mwema wa kulinda boma hutokana na malezi, chakula na mazoea, wala hautokani na kisu.

Sababu ya tatu ni kwamba mkia mrefu huumia vichakani. Hii ina ukweli kidogo, lakini tuipime. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulikadiria kwamba ingebidi mbwa wapatao 500 wakatwe mikia ili mkia mmoja tu usiumie. Ni mkulima gani atakayewatia jeraha wanyama 500 ili kumwepusha mmoja?

Tena jeraha lenyewe si dogo. Ndani ya mkia mna pingili za mifupa, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mtoto wa mbwa wa siku tatu husikia maumivu, hata kama hawezi kulia sana. Kwa mbwa wa aina ndogo mwili wenyewe ni mdogo, kwa hiyo damu kidogo tu ikimwagika ni hasara kubwa kwake. Wembe mchafu huleta usaha. Mpira nao hukata damu polepole na kuozesha nyama. Na wengine hubaki na kigutu kinachouma kikiguswa, hata ukubwani.

Mwenye mbwa asisahau pia kwamba mkia ni ulimi wa mbwa. Kwa mkia husema amefurahi, ameogopa, au amekasirika. Mtoto wako anayecheza uani huusoma mkia huo na kujua kama inafaa kusogea au kurudi nyuma.

Najua wapo watakaosema, “Wanunuzi wanataka mkia mfupi.” Lakini desturi hii tuliipokea kutoka ng'ambo, na huko wanaiacha. Katika England na Wales kukata mkia wa mbwa kwa ajili ya sura kulikatazwa mwaka 2007. Mbwa wachache wa kazi ndio walioruhusiwa, nao hukatwa na daktari wa wanyama kabla ya kupita siku tano. Na hapa kwetu, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humtia hatiani mtu amteseaye mnyama bila ya lazima.

Ikiwa umenunua mtoto wa mbwa aliyekwisha kukatwa, au mkia umeumia, fanya hivi:

Kwanza, usimtenge na mama yake, kwa maana mtoto mchanga hawezi kujipasha joto mwenyewe.

Pili, mtandikie kitambaa safi na kikavu, nawe ukibadilishe kila siku.

Tatu, kama damu inatoka, bana kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila kufunua. Kisha osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo.

Nne, usipake masizi, jivu, mafuta ya taa, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Usimpe vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Vingi vyao ni sumu kwa mbwa.

Tano, tazama jeraha asubuhi na jioni. Ukiona uvimbe, usaha, harufu mbaya, au mtoto akiacha kunyonya, mwite daktari wa mifugo siku ile ile.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili. Yule Mrumi alitaka kuzuia kichaa cha mbwa, naye hakuwa na dawa. Sisi tunayo. Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka. Tangu mwaka 2014 Kenya ina mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na ili kufika huko yapasa mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wachanjwe. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia, kwa kuwa dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.

Basi, mfugaji, pesa uliyotaka kumlipa mkata mikia ipeleke kwenye chanjo. Mnunuzi akija, mwonyeshe cheti cha chanjo kabla hajauliza habari za mkia. Cheti hicho kitamlinda yeye na watoto wake, na mkia mfupi haujamlinda mtu yeyote.