Moshi ukirudi bandani, tazama hewa kwanza

Vijana wenzangu mnaolea vifaranga kwa jiko la matofali, moshi ukirudi ndani mnakimbilia kulaumu kuni. Kweli, kuni mbichi zina moshi. Ila kwa maoni yangu, kosa kubwa ni turubai. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, basi banda mnaliziba kote. Moto nao unakula hewa. Isipoingia mpya, dohani haivuti.

Jaribuni hivi: fungueni turubai kidogo kwa chini, karibu na mdomo wa jiko, upepo usiwapige vifaranga. Moshi ukipanda, tatizo mushalijua. Uwazi huo ubaki usiku na mchana. Usipopanda, kagueni dohani: masizi, kona nyingi, nyufa zinazoingiza hewa baridi, au dohani fupi isiyopita mgongo wa paa, kusi likivuma moshi unarudishwa chini.

Msiniambie moshi kidogo hauui. Ndani yake mna kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Inaua vifaranga, na inamuua anayelala bandani kuwalinda. Kuni za ziada ni rahisi kuliko roho. Laleni nje.